Aliyesomewa Vipimo

Sogea karibu, kisha uniapie kwamba hili halitoki hapa. Hata dada yako usimwambie, maana namjua, mdomo wake hauna mlango. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapa, tena nimeshika kichwa cha mjukuu wangu, na wiki haijaisha. Nifanyeje? Tumbo limejaa, nitapasuka.

Ni habari ya yule fundi cherehani, mama mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na mume wake, dereva mstaafu wa malori. Mwanamume mnene kweli kweli. Watu walimwita Bonge, na yeye aliitika. Binti yao aliolewa nchi nyingine, akajifungua mtoto wa kwanza, wazee wakapanda ndege kwenda kumwona. Kutoka uwanja wa ndege hadi kwa binti ni mwendo wa siku mbili barabarani. Bonge akagoma kupanda basi.

“Nimeendesha lori miaka thelathini, leo nikabanwe kwenye kiti cha basi? Tunakodi gari.”

Jua lilikuwa linazama walipofika ofisi ya magari. Chumba kimoja, kaunta ya mbao, feni inayolalamika, funguo zimepangwa ukutani. Karani alikuwa mwanamume mkimya, shati amelifunga vifungo hadi kooni. Alilizunguka gari, akaandika kila mkwaruzo kwenye fomu. Kisha akamtazama Bonge kuanzia juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayechagua kitambaa.

“Mkanda wa gari hili unabana watu wenye miili,” alisema. “Kiuno cha mzee ni kiasi gani, niurekebishe?”

Sasa, mama aliyemfundisha fundi kushona alimkanya tangu siku ya kwanza: vipimo vya mteja havisomwi mbele ya mtu asiyehusika. Hata kama ni ndugu yake. Lakini kuulizwa kipimo cha mumewe mwenyewe, ambaye mashati yake yote ameyashona yeye! Alijibu kama mtoto wa shule aliyeotea swali.

“Kiuno arobaini na nane. Kifua hamsini. Shingo kumi na nane. Bega ishirini na moja. Mkono ishirini na tano.”

“Niliuliza kiuno tu, mama,” karani alisema.

Lakini aliandika vyote.

Hawakufika mbali. Dashibodi ikaanza kulia. Ti... ti... ti... Taa nyekundu ikawaka: abiria wa nyuma hajafunga mkanda.

“Umempakia nani huko nyuma?” Bonge akauliza, akicheka.

“Mke mwenzangu. Si ulisema yuko safarini?”

Wakacheka wote wawili.

Tik.

Kelele ikakoma. Fundi akageuka. Mkanda wa nyuma ulikuwa umevutwa na kufungwa, umelala bapa juu ya kiti kitupu. Na palikuwa na harufu. Fundi aliijua nusu yake: bafta mpya, kitambaa cha sanda, ile inayotoka dukani haijafuliwa. Nusu ya pili ilikuwa udongo uliolowa.

Akageukia mbele. Mtu ataanzaje kusema jambo kama hilo?

Walilala kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara. Asubuhi, Bonge alipoketi nyuma ya usukani, fundi aliona kola. Shati lile alilishona kwa mkono wake, kola ilikuwa ikimkaa sawasawa. Sasa vidole viwili vingepita bila kugusa ngozi.

Akatoa tepu kwenye mkoba. Akampitishia shingoni.

“Kumi na saba,” alisema kwa sauti. Ndiyo mazoea ya kazi. Dukani kwake yeye hupima na kusoma, mwanafunzi huandika.

Nyuma yake kukasikika... kwaruu.

Kidogo tu. Chaki juu ya kitambaa. Fundi anaijua sauti hiyo kuliko sauti ya wanawe.

“Kiuno arobaini na mbili,” akasema, akiteremsha tepu.

Kwaruu.

“Arobaini na mbili!” Bonge akafurahi. “Si daktari alinitaka nipungue? Nchi hii ina hewa nzuri, mama. Tuhamie.”

Mchana walisimama kujaza mafuta. Fundi alipima tena, na suruali ya mumewe ilikuwa imeshikiliwa na mkono. Kiuno thelathini na tano. Kwaruu. Safari hii aligeuka haraka. Mkanda wa nyuma haukuwa umelala tena. Ulikuwa umetuna, umezunguka kitu chenye tumbo. Kiti chini yake kimebonyea.

Alichopungukiwa mumewe kilikuwa kimeketi pale.

Muuza mafuta akainama dirishani. “Nyie watatu mnaelekea wapi?”

Fundi akamvuta Bonge mkono. “Tushuke,” alimnong'oneza mumewe. “Tushuke, baba watoto. Tuliache hapa hapa.”

Walishuka. Hatua ya kwanza, ya pili... Hatua ya kumi Bonge akapiga magoti. Pumzi haikuja. Macho yakamtoka, midomo ikawa ya kijivu. Fundi na muuza mafuta wakamburuta kurudi, na mgongo wake ulipogusa mlango wa gari, akavuta hewa kama mtu aliyetolewa kisimani.

“Mrudisheni mlikomchukua,” muuza mafuta alisema. Akaenda zake bila kupokea hata hela ya mafuta.

Kwa hiyo wakageuza. Binti yao alikuwa mbele, wao wakarudi nyuma. Fundi hakujua kuendesha hata baiskeli. Bonge ndiye aliyeendesha, polepole, usiku kucha, na sasa hakucheka tena. Kila saa alisogeza kiti mbele ili mguu ufike kwenye breki.

Na mke wake? Alipima. Angefanya nini kingine? Mikono yake ilijua kazi hiyo moja tu. Alitumaini kila mara kwamba kipimo kitagoma, kwamba namba itasimama. Shingo kumi na tano. Kwaruu. Kumi na nne. Kwaruu...

“Acha kunipima,” Bonge alisema, kwa sauti nyembamba ambayo fundi hakuitambua.

“Mara ya mwisho tu, mzee wangu. Nione kama imesimama.”

Waliingia uani mwa ofisi ya magari asubuhi, mlango ndio kwanza unafunguliwa. Wateja watano walikuwa wamesimama na mabegi yao. Mama wa usafi alikuwa akipiga deki barazani. Karani akatoka. Hakutazama mkwaruzo hata mmoja. Mkononi alikuwa amebeba koti la kiume, kubwa, la mtu mwenye kifua cha hamsini. Akaenda moja kwa moja mlango wa nyuma, akaufungua, akaingiza mkono kwenye kifungo cha mkanda.

“Shuka, baba yangu,” alinong'ona. “Sasa umetosha.”

Mama wa usafi alimsikia. Akaangusha tambara la deki.

“Mchawi! Jamani, mchawi huyu! Anaongea na nani humo?”

Watu wakamvamia. Wakamshika mkono ukiwa bado ndani ya gari, fomu yenye vipimo ikichungulia kutoka mfuko wa shati lake. Kila mtu aliona. Kila mtu aliona pia kiti cha mbele, ambapo mtu mdogo kama mtoto wa shule alikuwa amezama ndani ya shati lililokuwa hema.

Karani hakupigana. Walimvuta nje ya gari, akatulia mikononi mwao, akawatazama mmoja mmoja.

“Mimi niliuliza kiuno,” alisema. “Mara moja tu. Muulizeni nani aliyekuwa akimsomea njia nzima.”



Vichwa vikageuka vyote kwa pamoja.

Fundi alikuwa amepiga goti kando ya mlango wa mbele. Tepu ilikuwa mikononi mwake, imezunguka shingo ya mumewe, kidole gumba kimebana namba. Hakukumbuka kuitoa mkobani. Midomo yake ilikuwa tayari imefunguka, na neno lilikuwa limeshatoka, kwa sauti, mbele ya wote.

“Tisa.”

Kwaruu.

Na mkanda wa nyuma, ambao hakuna mkono uliokuwa ukiugusa tena, ukafunguka.

Tik.