Gemu ya Wifi Lavinia

Jumapili mjini Nuku'alofa, visiwani Tonga, hakuna kazi wala michezo. Watu hutoka kanisani, hufukua chakula kwenye umu, ile tanuri ya mawe ya shimoni, hula wakashiba, kisha hulala.

Kalisi alikuwa amejinyoosha sebuleni, macho kayafumba, masikio kayaacha wazi. Mumewe, Paea, alikuwa chumbani. Paea hukoroma kama jenereta, lakini leo kimya. Kalisi akajiambia, hapa pana jambo.

Akanyata, akasukuma mlango. Paea alikuwa amelala chali juu ya rundo la mikeka, mikono kifuani.

"Mbona hukoromi?"

"Nimeacha."

"Tangu lini?"

"Leo."

"Na hiyo harufu?"

"Si ni zile lu zako?"

"Lu zangu ni majani ya magimbi na tui, Baba Fusi. Hazinuki plastiki. Hebu inuka."

Akafunua mikeka. Chini yake akakuta gemu ya mkononi, bado imewashwa, ya moto kama jiwe la umu. Mgongo wake ulikuwa umevimba. Paea akaizima haraka.

Gemu ile ilikuwa ya Lavinia, dada mkubwa wa Paea. Kwa Watonga, dada yuko juu ya kaka yake, na vitu vyake havichezewi. Aliiacha hapo aliporudi kwake Auckland, New Zealand, akasema, "Nitunzieni." Na wiki hiyo alikuwa anakuja.

"Nilikusikia unapita, nikaificha," Paea alisema. "Ukakaa sebuleni, nikaogopa kuitoa."

"Na Jumapili zilizopita?"

Paea akaanza kupanga mikeka upya.

Kesho yake wakaenda kwa jirani yao, Vika, mwalimu wa kompyuta anayejua pia kutengeneza vifaa. Kalisi alifuatana na mumewe kwa sababu hakumwamini. Hata huyo Vika, Kalisi hakumwamini sana. Alishasikia kwamba mafundi hubadilisha vifaa vizuri wakaweka vibovu. Kwa hiyo alikaa mahali anapoiona mikono yake.

Vika akafungua mgongo wa gemu. "Betri imevimba. Ikiwa hivi usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Inaweza kushika moto." Akaitoa taratibu, akaiweka nje, mbali na vitu vya kuungua. Akatia betri mpya, akawasha, akakunja uso. "Nani ameiongeza kasi?"

"Kuongeza kasi ndiyo nini?" Kalisi aliuliza.

"Ni kuilazimisha ifanye kazi haraka kuliko ilivyopangwa kiwandani, ili picha zisikwamekwame. Hapo inakula umeme mwingi na kutoa joto jingi."

"Ndiyo inaiua?"

"Si lazima. Ukiongeza kidogo, tena mahali penye hewa, inaweza kudumu tu. Joto likizidi, hujipunguzia kasi au hujizima yenyewe. Lakini betri iko karibu na joto hilo, na ikipashwa kila mara inachoka mapema. Halafu mtu aje aizibe matundu ya hewa kwa mikeka."

"Mikeka ni mimi," Paea alisema. "Kasi si mimi. Hata sijui inaongezwa wapi."

"Kama ulivyoacha kukoroma," Kalisi alisema.

Vika akairudisha kasi ya kiwandani. Wiki nzima Paea aliapa, na wiki nzima Kalisi alimtazama kwa jicho la pembeni.

Lavinia akafika. Paea akakaa chini mbele yake, amekunja miguu, akamweleza habari ya betri na mikeka bila kuinua macho. Lavinia alisikiliza, akaiwasha gemu, akaibonyezabonyeza.

"Mikeka nimesikia," alisema. "Lakini mbona imekuwa nzito? Nani ameipunguza ile kasi niliyoiwekea?"

Paea akageuza kichwa polepole, akamtazama mkewe.

Kalisi aliona aibu. Alikuwa amemshuku kila mtu isipokuwa huyu, maana dada wa mume hashukiwi. "Wifi, kwa heshima yako. Kasi yako na mikeka ya kaka yako ndivyo vilivyoivimbisha betri."

"Auckland haijawahi kuvimba."

"Kule kuna baridi, wifi, na unachezea mezani. Hapa joto, na ilikuwa inafunikwa."

Lavinia akafikiri, kisha akacheka. "Basi ibaki na kasi yake ya kiwandani. Na wewe Paea, ukitaka kucheza, niombe. Usicheze Jumapili, na iwe juu ya meza."

Jumapili iliyofuata, Kalisi alimpakulia mumewe lu kubwa kuliko zote.

"Hii ya nini?" Paea aliuliza.

"Nilikuonea. Kula."

Paea alikula, akaenda kulala, na punde akaanza kukoroma. Kalisi alisikiliza kwa muda. Kisha akanyata chumbani, akafunua pembe ya mkeka, kuhakikisha tu. Hapakuwa na kitu. Gemu ilikuwa mezani, imezimwa, imepoa.