Chupa Zilizokataa Sahihi

Chupa ilikuwa ya moto. Mkemia ndiyo kwanza ameitoa kwenye friji, saa sita mchana, nayo ikamuunguza vidole kama kikombe cha chai.

Kazi yake ilikuwa kuhakiki maji ya rejea: vichupa vyenye sukari ya kiwango kinachojulikana, ambavyo hospitali hutumia kupimia usahihi wa mashine zao za damu. Chupa mia mbili, zote zilipaswa kusoma tano kamili. Hii ilisoma tisa. Akarudia. Kumi na mbili.

"Itupe hiyo, tia sahihi," meneja alisema mlangoni. "Magari yanasubiri."

"Bosi, moja ikikosea, zote nina shaka nazo."

"Marehemu hakuwa na maneno mengi hivyo."

Mkemia akaiacha karatasi bila sahihi. Marehemu, mpimaji aliyemtangulia, alikutwa amekufa chumba cha baridi mwezi uliopita, siku moja baada ya kutia sahihi shehena ambayo, watu walinong'ona, hakupima hata chupa moja.

Kesho yake chupa tatu zilichemka zenyewe. Siku ya tatu harufu ya nywele zilizoungua ilijaa chumbani, rafu zikatikisika, na chupa zote zikaanza kugongana, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kama meno ya mtu mwenye homa kali, hadi mkemia akatoka mbio, roho mkononi, akamleta shangazi yake, mganga, aliyefika adhuhuri hiyohiyo na kitabu chake kwapani.

Shangazi akasoma, akapuliza. "Nani wewe? Unataka nini?"

Meneja, aliyesimama nyuma yao akicheka, alikatika kicheko ghafla, macho yakamgeuka meupe, na kinywani mwake ikatoka sauti ya mzee, kavu, yenye baridi: "Huyu alinilazimisha kutia sahihi. Zirudisheni chupa zile zangu."

Kisha meneja akaanguka kama gunia.

"Piga simu, mwanangu," shangazi alinong'ona. "Huyu hafukuzwi. Anatimiziwa."

Mkemia akazipigia hospitali zilizopokea shehena ya marehemu. Hospitali sita zilikubali kurudisha chupa. Ya saba alipokea muuguzi.

"Dada, mmechelewa. Mashine tuliirekebisha kwa chupa zenu zenye sukari pungufu, ikawa inasoma juu mno. Jana tulimpa mtoto wa miaka minne dawa ya kushusha sukari, kumbe haikuwa imepanda. Hatunaye tena."

Chupa zikanyamaza zote kwa pamoja. Halafu, ndani ya chumba cha baridi kisichokuwa na mtu, mwanamume akaanza kulia.

Shangazi alifunga kitabu. "Twende, mwanangu. Kilio hiki sina dawa yake."