Kitabu cha Parokia Mama

Kila Alhamisi asubuhi, Dobi alipiga pasi vitambaa vya altare. Alingoja makaa yakolee. Kisha alinyunyiza maji kidogo, akapitisha pasi taratibu, akakunja mara tatu. Mashati ya wateja yalisubiri. Kazi hiyo ya kanisa alikuwa ameifanya miaka kumi na minane bila kukosa. Mtaa mzima ulimwita Dobi, hata paroko.

Lakini Dobi hakuwa anapokea komunyo. Jumapili, watu walipopanga mstari kwenda mbele, yeye na mume wake walibaki kwenye benchi. Walisogeza magoti tu ili wengine wapite. Walikuwa wamefunga ndoa ya serikali wakiwa vijana, na bila ndoa ya kanisa hawakuruhusiwa komunyo. Walisema ya kanisa itafuata. Watoto wakaja, kazi zikaja, na ya kanisa ikaahirishwa mwaka hadi mwaka. Miaka arobaini na moja ikapita hivyohivyo.

Mume wake alikuwa mwashi, na watu walimwita Fundi. Kuta za kanisa lile alizijenga yeye na wenzake wanne, ambao sasa wote ni marehemu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akisema jambo, amesema.

Siku moja Dobi alirudi kutoka hospitali. Miguu ilikuwa imevimba. Daktari alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umechoka, kwa hiyo atumie dawa kila siku na apunguze kazi. Alikaa karibu na meza yake ya kupigia pasi bila kuwasha makaa.

"Baba watoto," alisema, "mimi sitaki kufa nikiwa kwenye benchi."

Fundi aliweka kikombe chini. "Nani kasema unakufa?"

"Sijasema nakufa. Nimesema sitaki. Nataka twende mbele pamoja, mimi na wewe, kama wengine."

"Basi tufunge ndoa kanisani. Kwani shida iko wapi? Wewe cheti chako cha ubatizo unacho. Changu kiliharibika siku ile mvua ilipong'oa paa, lakini kitabu si kipo? Mimi nilibatizwa hapahapa."

Moyo wa Dobi ukawa mwepesi. Kesho yake waliongozana hadi ofisi ya parokia.

Karani wa parokia alikuwa likizo ya uzazi. Mezani alikaa katibu wa halmashauri ya walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa. Alikuwa mzee mstaafu wa posta. Watu walimwita Stempu kwa jinsi alivyopenda kugonga mihuri. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda kujua kila kitu.

Stempu alitoa kitabu cha ubatizo kabatini. Alivaa miwani. Alipitisha kidole kwenye majina, ukurasa kwa ukurasa. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu alifunga kitabu.

"Fundi, jina lako halimo humu."

"Angalia tena."

"Nimeangalia tangu jina la kwanza hadi la mtoto wa juzi. Halimo."

"Nilibatizwa hapahapa," Fundi alisema. "Nilikuwa na miaka saba. Pale altare ilipo palikuwa na banda la bati. Padre alikuja na baiskeli. Nilisimama juu ya jiwe ili kichwa kifike kwenye beseni."

"Sikatai, mzee mwenzangu. Lakini kitabu ndicho kinachosema. Pengine ulikuwa mdogo, ukachanganya mambo. Cha kufanya, jiandikishe mafundisho, ubatizwe pamoja na watoto. Hakuna aibu."

Fundi alisimama.

"Sibatizwi mara mbili. Mimi si shati."

Akatoka. Dobi alimfuata, lakini Fundi alitembea haraka, na miguu ya Dobi haikuweza kwenda naye sambamba.

Jioni ile Dobi alikuwa akikunja shuka za wateja. Fundi alisimama mlangoni.

"Mama watoto, unaniamini?"

Dobi alitaka kusema ndiyo. Lakini aliwaza: kitabu hakina jina lake. Miaka arobaini na moja ameniambia amebatizwa. Je, kama alisema hivyo ili tu nikubali kuolewa naye?

"Shika ncha hiyo ya shuka," alisema.

Fundi alishika ncha. Wakakunja shuka hadi ya mwisho. Tangu siku hiyo nyumba ikapoa. Salamu zilikuwepo, chakula kilikuwepo, ila mazungumzo hayakuwepo. Jumapili mbili Fundi hakukanyaga kanisani.

Alhamisi iliyofuata Dobi alipeleka vitambaa vya altare. Alimkuta karani amerudi kazini, mtoto amelala mgongoni. Karani alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, lakini katika kazi hakuwa na mchezo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa mtoto."

"Ahsante. Mbona Fundi haonekani? Anaumwa?"

Dobi alitaka kuficha. Badala yake machozi yalimtoka. Akaeleza yote: kitabu, Stempu, banda la bati, shuka. Karani alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama, Fundi ana umri gani sasa?"

"Sitini na tisa."

"Na alibatizwa akiwa na miaka saba. Basi ni miaka sitini na miwili iliyopita." Karani alifungua kitabu ukurasa wa kwanza kabisa. "Soma tarehe hii, mama. Kitabu chetu kimeanza lini?"

Dobi alisoma polepole. Akahesabu kwa vidole. "Miaka thelathini na mitatu iliyopita."

"Sasa mtu aliyebatizwa miaka sitini na miwili iliyopita ataonekanaje humu?"

Dobi aliitazama tena tarehe ile. "Lakini anasema alibatizwa hapahapa. Penye altare."

"Na anasema kweli. Mahali ni hapahapa. Parokia ndiyo haikuwepo." Karani alivuta kiti akaketi karibu naye. "Watu wengi hudhani parokia ni jengo. Parokia ni waamini wa eneo fulani, waliokabidhiwa kwa padre wao, yaani paroko. Na parokia haizaliwi siku moja. Hapa kwetu walianza familia chache, wakisali nyumbani kwa mtu. Walipoongezeka wakajenga banda. Wakapewa katekista wa kuwafundisha. Hapo pakawa kigango. Padre alikuwa akitoka mbali, anafika mara moja kwa mwezi, anasali misa, anabatiza, anarudi kwake."

"Na kitabu?"

"Anarudi nacho! Kigango hakina kitabu chake cha ubatizo. Majina yote huandikwa kwenye parokia inayokihudumia. Parokia hiyo tunaiita parokia mama."

"Sasa kigango kinakuwaje parokia?"

"Watu wanapokuwa wengi, wanapoweza kumtunza padre na kupata nyumba ya kukaa, wanapeleka ombi. Askofu analichunguza. Anasikiliza baraza lake la mapadre. Akikubali, anatoa hati na kutaja mipaka ya parokia mpya. Ni yeye peke yake mwenye uwezo huo. Kuanzia siku hiyo, parokia mpya inafungua vitabu vyake. Vya zamani havihami. Ni kama binti akiolewa akawa na nyumba yake. Kadi yake ya kliniki ya utotoni utaikuta kwa mama yake."

Dobi alijifuta machozi kwa kanga. "Kwa hiyo Stempu alikosea."

"Alitafuta vizuri, ila kwenye kitabu kisichohusika. Unapotafuta cheti, usiulize tu ni wapi. Uliza ni mwaka gani. Kisha uulize mwaka huo mahali hapo palikuwa chini ya parokia ipi. Na hata kitabu kingeliwa na mchwa, tusingekimbilia kumbatiza tena. Ubatizo ni mara moja tu. Angetafutwa shahidi aliyekuwepo, au yeye mwenyewe angekula kiapo mbele ya paroko, kwa kuwa alikuwa na umri wa kuelewa."

Karani alichukua karatasi. Aliandika jina la Fundi, majina ya wazazi wake, mwaka aliokadiria, na kigango. Akaandika barua kwa parokia mama na kuigonga muhuri.

Nyumbani, Dobi alimwonyesha mume wake barua ile. Fundi hakuishika.

"Siendi popote kuomba niaminiwe," alisema. "Kwenda ni hiari yako."

Dobi alimeza dawa yake, akapiga moyo konde, akaenda peke yake. Alipanda basi la asubuhi, akavuka daraja. Parokia mama ilikuwa na kanisa la mawe na ofisi yenye harufu ya karatasi za zamani. Bruda mmoja mzee, mtawa wa pale, ndiye aliyetunza vitabu. Aliisoma barua, akaenda kabatini, akarudi na kitabu kinene chenye jalada lililochakaa.

"Hivi vitabu vimeanza miaka themanini iliyopita," bruda alisema. "Kabla ya hapo sisi nasi tulikuwa kigango cha misheni. Kila mtu ana mama yake."

Alifungua mwaka alioandika karani. Hakikuonekana kitu. Dobi aliinamia kitabu. Bruda hakushtuka. "Wazee wetu hukosea mwaka mmoja au miwili," alisema. Akafungua mwaka uliofuata. Alipitisha rula chini ya kila mstari. Halafu rula ikasimama.

Akasoma kwa sauti. Alisoma jina la Fundi. Akasoma jina la baba yake na jina la mama yake. "Umri, miaka saba. Kigango, ng'ambo ya mto. Msimamizi wa ubatizo, mwenye nyumba ya sala. Ndiye huyu?"

Dobi aliitikia kwa kichwa. Alimwona kabisa yule mtoto amesimama juu ya jiwe. Aliona haya, na haya ile ilimuuma kuliko miguu yake.

"Ndiye," alisema mwishowe. "Ndiye, bruda. Na mimi nilimshuku."

Aliporudi, Fundi alikuwa uani akinoa mwiko wake. Dobi hakutoa cheti kwanza. Alisimama mbele yake.

"Nilikushuku, baba watoto. Uliniuliza kama nakuamini, nikakwambia ushike shuka. Nisamehe."

Fundi aliendelea kunoa kwa muda. Kisha akaacha.

"Nilijua," alisema. "Iliniuma. Kitabu kunikana, nilivumilia. Wewe, sikuweza."

"Sina la kujitetea."

"Keti basi. Miguu imevimba." Alimsogezea kigoda. "Hebu nione hiyo karatasi."

Alikisoma cheti polepole, neno kwa neno. Alipofika kwenye jina la mama yake, alirudia kulisoma.

Jumapili iliyofuata Stempu alikuja nyumbani kwao baada ya misa. Alivua kofia. "Fundi, nilikosea. Nimegonga mihuri miaka thelathini, sikuwahi kujiuliza kanisa hili lilikuwa la nani kabla ya kuwa parokia." Fundi alimpa mkono, akamwambia aketi.

Kumbe si wao tu. Katika parokia ile watu wengi wa umri wa Fundi walikuwa wameambiwa majina yao hayamo, wakakata tamaa. Paroko aliposikia, alikata shauri. Aliomba halmashauri iwakusanye wazee wote waliosali kwenye banda la bati. Karani aliandika waliyoyakumbuka: nyumba ya kwanza ya sala, mwaka wa kigango, jina la katekista, siku hati ya askofu iliposomwa. Fundi aliongea siku hiyo kuliko alivyoongea mwaka mzima. Maelezo hayo yakabandikwa mlangoni pa ofisi, pamoja na maneno haya: "Kama ulibatizwa kabla ya parokia hii kuanza, jina lako liko parokia mama. Uliza, tutakuandikia barua." Kabla ya mwaka kwisha, watu kumi na wawili walikuwa wamepata vyeti vyao.

Fundi na Dobi walifunga ndoa asubuhi ya Jumamosi, mbele ya watoto wao na wajukuu. Hakukuwa na mbwembwe. Ilipofika zamu ya komunyo, waliinuka kwenye benchi. Fundi alimshika mkono mke wake kwa sababu ya miguu, wakaenda mbele hatua kwa hatua. Watu waliokuwa kwenye mstari waliwapisha.

Baada ya misa, karani aliwaita. "Bado kazi moja. Taarifa ya ndoa hii lazima ifike ulikobatizwa, Fundi. Huandikwa kando ya jina lako la ubatizo. Naweza kuituma."

"Usitume," Fundi alisema. "Tutaipeleka wenyewe."

Wiki iliyofuata walivuka daraja pamoja. Bruda alifungua kitabu kile kinene. Fundi aliinama. Aliona jina lake kwa wino uliofifia, na mbele yake nafasi ndogo tupu. Ilikuwa tupu tangu siku aliyosimama juu ya jiwe. Bruda aliandika humo tarehe ya ndoa, jina la parokia yao, na jina la Dobi.

"Msiguse," alisema. "Wino haujakauka."

Wakasimama wote watatu, wakingoja ukauke.

"Sasa hata nikitaka kukukimbia," Fundi alimwambia mke wake, "watanikamata hapa."

Dobi alicheka. Kisha akalia, na hakumwonea haya bruda. Kwa mara ya kwanza aliliona jina lake limekaa kando ya la mume wake, katika kitabu kilichokuwa kikisema kweli muda wote.