Kopo la Mizizi Mitamu

Kila asubuhi Babu Timazi aliweka vikombe viwili mezani. Alipokumbuka, alikirudisha kimoja kabatini. Mkewe alikuwa amefariki miezi mitano iliyopita, lakini mikono ya babu ilikuwa bado haijazoea.

Alikuwa mwashi kwa miaka arobaini. Vijana wa kazi walimpa jina la Timazi kwa sababu hakuacha ukuta wowote kabla ya kuupima kwa timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma inayoonyesha kama ukuta umesimama wima. Nyumba aliyokaa aliijenga mwenyewe. Chumba cha upande wa pili alimpangisha mfamasia, mwanamke kijana aliyetoa dawa katika zahanati ya mtaa. Walitenganishwa na ukuta mmoja. Walisalimiana mlangoni, basi.

Baada ya kukirudisha kikombe, babu alifungua kopo la bati. Ndani mlikuwa na vipande vya urukususi, mizizi mitamu ambayo mkewe alimchemshia kila alipokohoa kwa vumbi la saruji.

"Konzi moja ndani ya sufuria," marehemu alizoea kusema, "na maji mpaka hapa."

Babu alichota konzi moja, kiasi cha kujaza kiganja. Maji yalipochemka, harufu ilijaa nyumba nzima, kama zamani. Hakuwa na kikohozi. Alichemsha kwa ajili ya harufu. Kisha alikunywa, kwa kuwa kumwaga kulionekana kwake kuwa ni utovu wa adabu.

Siku ya kwenda zahanati, muuguzi alimpima, akakunja uso.

"Babu, presha imepanda tena. Vidonge unameza?"

"Kila siku, saa moja kamili."

"Na miguu hii imeanza kuvimba lini?"

"Ni uzee huo."

"Kuna dawa nyingine unayotumia?"

"Hakuna."

Kwa maoni yake, hakusema uongo. Kilichokuwa koponi hakikuwa dawa. Kilikuwa ni mkewe.

Alasiri binti yake alipiga simu kutoka mji wa mbali.

"Baba, wamesemaje?"

"Wamesema wasemayo siku zote."

"Basi mwisho wa mwezi nakuja. Kama presha haijashuka, tunafunga nyumba, unahamia kwangu. Mama hayupo. Ukianguka, nani atakuokota?"

"Mimi si nazi, niokotwe."

"Baba, sitanii!"

Simu ilipokatika, aliutazama ukuta wa jikoni. Mkewe alikuwa akiegemea pale akisubiri maji yachemke, na rangi ilikuwa imefifia mahali pa bega lake. Katika mji wa binti yake, ni ukuta gani uliomjua marehemu?

Asubuhi iliyofuata alishikwa na kizunguzungu mbele ya jiko. Sufuria ilianguka kwa kishindo. Mfamasia alisikia, akaja mbio.

"Hodi! Shikamoo, babu. Umeumia?"

"Marahaba. Aliyeumia ni sufuria."

Alimketisha kitini. Kisha akaokota kipande cha mzizi sakafuni, akakinusa.

"Huu ni urukususi. Kumbe ndiyo harufu ninayoisikia kila siku! Muuguzi anajua kwamba unakunywa?"

Babu alinyoosha mgongo. "Binti, usinitukanie marehemu. Amenitibu kikohozi miaka thelathini, na sikufa."

"Simtukani. Alijua alichofanya. Alikuwa akikupa kwa siku ngapi?"

Babu alifikiri. "Tatu. Labda nne. Kifua kikilegea, alifunga kopo."

"Na kipimo?"

"Konzi moja."

"Hebu chota."

Alichota, akaweka sahanini. Mfamasia naye akachota konzi yake, akaiweka kando. Fungu la babu lilikaribia kuwa mara mbili ya lile jingine.

"Aliposema konzi moja, babu, alikusudia mkono wa nani?"

Babu aliitazama mikono yake, mipana kwa kushika mawe. Maisha yake yote aliwakaripia vijana waliopimia saruji kwa ndoo ndogo na mchanga kwa ndoo kubwa.

"Nimebadilisha ndoo," alisema polepole.

"Na umekunywa kila siku. Urukususi ukizidi hupandisha presha na huvimbisha miguu. Vidonge vinavuta presha chini, urukususi unaivuta juu."

"Lakini hii ni mizizi tu. Si dawa ya hospitali."

"Dawa nyingi za hospitali zilianzia hukohuko, babu. Kwinini ilitoka katika gome la mti. Historia ya aspirini inaanzia kwenye gome la mti mwingine. Mojawapo ya dawa kubwa za malaria za siku hizi hutoka katika mmea uliotumiwa kwa karne nyingi. Watu walichemsha, wakaonja, wakakosea, na wengine walikufa. Baadaye ndipo walipojifunza kupima sawasawa. Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru pia. Kwa hiyo daktari lazima aambiwe kila kitu, hata kile kinachotoka jikoni."

Babu alikumbatia kopo. "Atalitupa?"

"Hakuna atakayelitupa. Twende nalo."

Daktari hakumcheka. Aliandika urukususi katika kadi yake, akapima damu, akamwambia aache kuunywa na aendelee na vidonge bila kukosa hata siku moja. Baada ya wiki tatu presha ilikuwa imeshuka, na viatu vya babu viliingia miguuni bila ugomvi.

Binti yake alifika mwisho wa mwezi. Aliisoma kadi mara mbili.

"Kweli nikuache hapa peke yako, baba?"

"Subiri kesho asubuhi," alijibu mzee.

Kulipopambazuka, babu aliweka vikombe vitatu mezani: chake, cha binti yake, na kimoja zaidi. Hicho alikirudisha kabatini. Alifungua kopo, akanusa, akalifunga. Juu yake alikuwa amebandika karatasi yenye mwandiko ulionyooka: "Urukususi wa mke wangu. Si wa kunywa."

Ndipo ukuta ukagongwa mara mbili kutoka upande wa mfamasia, kama kila asubuhi tangu siku ile sufuria ilipoanguka. Babu Timazi aliinuka, akaenda mahali palipofifia rangi, akagonga mara mbili kujibu.