Dirisha Lisilo na Rangi

Dirisha lile lilifunguka alasiri, juu ya madirisha mengine yote kwenye kompyuta, na halikuwa na rangi.

Mwandishi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Halikuwa na rangi kweli.

Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya madaktari wa hospitali kuu. Wao walisema kwenye vinasa sauti, yeye akasikiliza na kuandika. Aliifanya nyumbani, katika chumba cha mbele, kwenye kompyuta kubwa ya mezani. Lakini mafaili yenyewe yalikaa kwenye mashine ya hospitali, upande wa pili wa mji. Madirisha ya mashine ile yalikuja kwa mtandao yakajipanga kwenye kioo kimoja na madirisha ya mashine ya nyumbani, huwezi kujua lipi la huku na lipi la kule. Siku moja alifuta faili zima la mgonjwa akidhani anafuta mambo yake ya sokoni. Mumewe, aliyekuwa fundi wa kompyuta, alicheka mpaka akaketi sakafuni. Tangu hapo akambandika jina la Mama Haraka, kisha akayapaka madirisha rangi: mstari mwekundu kuzunguka yale ya mbali, mstari wa kijani kuzunguka yale ya nyumbani.

"Usiangalie kilichomo ndani," alimwambia. "Angalia ukingo kwanza. Ukiwa bado na shaka, angalia mwendo. La mbali linachelewa. Unabonyeza herufi, nayo inakuja nyuma ya kidole."

Sasa Fundi hakuwepo. Siku moja alijinyoosha baada ya chakula cha mchana, na walipokwenda kumwamsha, Mwenyezi Mungu alikuwa ameshachukua amana yake. Aliacha mke, mama yake mzee, na mistari ile ya rangi.

Ndani ya dirisha geni mlikuwa na weupe mtupu. Kisha pakaandikwa neno moja, herufi kwa herufi, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja: Hodi.

Mwandishi alimpigia simu fundi wa hospitali, kijana rafiki wa mumewe waliyemwita Waya kwa wembamba wake. Waya akamtania kwamba labda dirisha limeota uzee, rangi imebambuka kama ya nyumba ya kupanga. Aliposikia shemeji yake hacheki, naye akaacha mzaha. Akamwambia achomoe waya wa mtandao. Kama dirisha ni la hospitali, litakufa.

Akauchomoa. Madirisha mekundu yakapauka, yakafa moja baada ya jingine. Lile likabaki. Hodi, liliandika tena.

"Basi ni lako, shemeji," Waya alisema. "Zima mashine."

Akaizima. Madirisha ya kijani yakatoweka, kioo kikawa cheusi, feni ya mashine ikanyamaza. Katikati ya weusi ule dirisha jeupe lilikuwa limekaa palepale. Akainama chini ya meza, akachomoa na waya wa umeme ukutani. Alipoinuka, akiwa ameushika mkononi kama mkia wa mnyama aliyekufa, palikuwa pameandikwa: Mama Haraka, nifungulie.

Waya alikuwa akiuliza simuni, vipi, limeondoka? Mwandishi alikata simu.

Harufu ndiyo iliyomvunja. Ilikuwa harufu ya moshi wa waya wa kuchomelea, ile iliyokuwa ikikaa kwenye mikono ya Fundi hata akinawa kwa sabuni mara ngapi, na ilikuja polepole kutoka nyuma ya kioo, ikamzunguka mabegani kama shuka. Kisha akasikia kikohozi. Fundi alikuwa na desturi ya kukohoa mara mbili mlangoni ili asimshtue mtu, na sasa kikohozi kilikuja mara mbili, kutoka upande ambao hakuna mlango.

Mama yake Fundi alikuwa jikoni anachambua mboga. Akatokea na kisu mkononi.

"Umesikia?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Sijasikia kitu, mama."

"Usinidanganye. Nimemlea yule na kifua chake tangu anyonye." Akakisogelea kioo. Macho yake hayakuweza tena kusoma. "Kimeandikwa nini hapo, mwanangu?"

Mwandishi hakutaka kusema, lakini mzee alimshika mkono akaung'ang'ania, na mwisho akamwambia. Mzee akaketi kwenye kiti cha Fundi. Alisema kama ni mwanawe anabisha hodi, yeye hana kifua cha kumfungia mlango. Kama anataka kurudi kwake, arudi.

Na ukweli, Mungu anajua ya moyoni, mwandishi naye alitaka hivyo hivyo. Neno la kujibu hodi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake, tamu kama maji kwa mtu aliyetoka safari. Akauma mdomo, akajitanda, akamsihi mama mkwe asiseme neno lolote mpaka arudi, akatoka mbio kumwita mwosha maiti.

Ni yeye aliyemwosha Fundi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mzaha mkavu, na watu walimwita pia kusoma dua kwenye nyumba zisizolalika. Njiani mwandishi alimweleza kila kitu, huku akihema. Mwosha maiti hakupunguza mwendo.

"Mwanangu, mumeo nimemfunga sanda kwa mikono hii. Hana shida ya mlango. Huyo anayebisha ni jini aliyekosa makazi, anataka nyumba. Neno lenu ndilo linalompa nyumba. Mkilisema tu, hapo ni kwake, na nyinyi ndio wageni."

Walipoingia, mzee alikuwa bado kwenye kile kiti, uso ameuelekeza ukutani. Mwosha maiti akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mwandishi akasimama mbele ya kioo, na kusikia maneno matakatifu kukampa akili, akakumbuka jambo dogo: mumewe, tangu siku ile ya kicheko, hakuwahi kufungua dirisha kwenye mashine ile bila kulipaka rangi yake. Hata akiwa na haraka. Hata akiwa mgonjwa.

Akabonyeza kibodi iliyokuwa haina umeme. Herufi zikaja.

Kama ni wewe, weka rangi yako.

Kwa muda hapakutokea kitu. Mwosha maiti alisoma, jasho likimtiririka shingoni, harufu ya moshi ikazidi mpaka ikawa kama kitu kinachoungua ndani ya chumba chenyewe, na mwandishi akaona kwenye kona ya dirisha nukta inatokea, ikajivuta kuwa mstari, mstari ukapanda ukakata kona ukashuka bila haraka, kama mtu anayepima kiwanja chake, mpaka ulipokutana na ulipoanzia. Na mstari huo ulikuwa wa kijani.

Mimi wa hapahapa, liliandika.

Mwosha maiti akaacha kusoma katikati ya aya. Hilo halikuwa jambo la kawaida kwake.

"Nani amemkaribisha?" aliuliza.

Mzee hakugeuka. "Mlichelewa," alisema. "Alibisha, akabisha. Nikamwambia karibu. Kwa sauti ndogo tu."

Hakuna aliyemlaumu. Mwosha maiti alisoma upya tangu mwanzo, akasoma mpaka sauti ikamkauka, akanyunyiza maji ya dua kwenye kona za chumba na kwenye kioo. Dirisha likajifumba, kama jicho. Harufu ikaisha. Akaibeba kompyuta mwenyewe kwenda kuivunja, na mlangoni akasema waendelee kumsomea marehemu, huo ndio mlango pekee anaouhitaji. Hakuwatazama usoni alipoaga. Mwandishi alifikiri ni uchovu.

Walilala vizuri. Asubuhi chumba kilikuwa cheupe kwa jua, na meza tupu ilipendeza. Mzee alimimina chai. Alikuwa na aibu ya jana, akawa anatafuta la kuchekesha; akasema sasa Mama Haraka atalazimika kuandika kwa mkono, na wagonjwa watapona wenyewe kumsubiri.

Mwandishi alicheka. Kisha akaacha.

Midomo ya mama mkwe ilikuwa imeshatulia, ndipo maneno yalipomfikia.

Akaweka kikombe mezani. Kikagusa meza kimya. Akahesabu pumzi, na mlio ukaja.

"Mama," alisema, "hebu nyamaza kidogo." Akayasubiri maneno yake mwenyewe yapite.

Akaangalia mlango. Kuzunguka fremu yake, juu, kushoto, kulia na chini kizingitini, ulikuwa mstari mwembamba mwekundu. Dirisha la kuelekea barabarani lilikuwa nao. Ukuta ulikuwa nao pale unapokutana na dari. Akaupitishia kidole, haukuwa rangi, haukutoka, na ulikuwa wa baridi.

Kitasa hakikuzunguka. Akaweka sikio kwenye ubao. Upande wa pili, pale ilipokuwa nyumba yake tangu aolewe, kiti kilivutwa, na mlio wake ulikuja papo hapo. Kibodi ikaanza kugongwa. Mtu akakohoa mara mbili, akajisafisha koo kama mwenye mji.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika nguo kwa mikono yote miwili. Mwandishi akasoma kimoyomoyo alichoweza kukumbuka. Akainua mkono, akagonga.

"Hodi," alisema.

Neno lilimtoka, likakawia, likafika. Upande wa pili kibodi ikanyamaza. Nyayo zikaja mpaka mlangoni, zikasimama karibu sana, hata akasikia kitu kinavuta pumzi kwenye ubao uleule aliouwekea shavu.

"Hodi," alisema tena.

Na yule wa nyumbani hakujibu.