Nukta Chini ya Herufi

Maiti haikuwepo, lakini kilio kilikuwepo. Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Mkuu wa Bendi ya kiwanda cha sabuni alikutwa amepiga magoti mbele ya kabati la chuma, tarumbeta kwapani, akililia daftari.

Inspekta alilikagua kufuli. Halikuvunjwa.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Mahali pa siri kabisa, Afande."

"Wapi?"

"Juu ya kabati."

Inspekta aliandika hilo kwa uso mkavu.

"Na daftari lina nini?"

"Midundo sitini ya ngoma. Nimeitunga mimi, kwa mkono wangu huu! Ijumaa nilikuwa nalipeleka ofisi ya hakimiliki, niandikishwe mtunzi."

Ukurasa mmoja tu ulikuwa umenusurika, kwa sababu mwenyewe aliutoa nakala na kuitundika ukutani kwenye fremu. Ulijaa herufi na vistari: D, t, kistari, kistari, D. Chini ya herufi chache palikuwa na nukta ndogo.

Jumanne saa sita mchana, badala ya king'ora cha chakula, vipaza sauti vyote vya kiwanda vilipiga ngoma. Haikuwa ngoma ya mkono wa mtu. Ilikuwa ya kompyuta, midundo yote sitini, mmoja baada ya mwingine. Wafungaji wa sabuni waliacha mashine wakacheza. Msimamizi aliwafokea, kisha bega lake la kushoto likamsaliti.

Mkuu wa Bendi peke yake hakucheza. Alisimama katikati ya uwanja, mishipa imemtoka.

"Wameiharibu! Mapigo mengine hayasikiki! Ngoma zangu zote ni za nguvu!"

Watu mia mbili walimsikia. Inspekta alikuwa mmoja wao.

Katika chumba cha matangazo alichomoa flashi kwenye amplifaya. Alama za vidole hazikuwepo; ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni, bidhaa ambayo si adimu kiwandani. Chumba chenyewe hakikuwa na mlango, hivyo washukiwa walikuwa kiwanda kizima.

Mtaalamu wa kompyuta wa polisi aliifungua flashi.

"Kazi safi, Afande. Mtu kaandika programu inayosoma daftari. Kila mstari una nafasi kumi na sita. Ikikuta D, inaweka noti ya ngoma kubwa. Ikikuta t, ngoma ndogo. Kistari ni kimya. Kila noti ina namba yake, muda wake na nguvu yake."

"Nguvu zote ni sawa?"

"Hapana. Mapigo mengi ni mia moja. Mengine ni arobaini, kama mtu anagusa kwa ncha ya kidole."

Inspekta alilinganisha na ule ukurasa wa kwenye fremu. Kila arobaini ilikaa juu ya nukta. Hakuna hata moja iliyokosea.

Alirudi kwa Mkuu wa Bendi.

"Nukta hizi ni za nini?"

"Madoa, Afande. Kalamu ilikuwa inavuja."

"Ikavuja chini ya herufi tu?"

Mkuu wa Bendi alikohoa.

"Kabla yako nani alipiga ngoma hapa?"

"Mama mmoja. Marehemu sasa. Alikuwa mshika vijiti tu."

"Aliacha mtoto?"

"Binti. Karani wa stoo. Lakini yule ni mtoto mpole!"

Mtoto mpole alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa akihesabu mapipa, na hakuacha kuhesabu.

"Afande umechelewa. Nilikutegemea jana."

"Daftari liko wapi?"

"Droo ya pili, chini ya fomu za likizo. Hakuna anayezifungua."

"Kwa hiyo umeiba."

"Nimeiba. Andika kwa herufi kubwa."

"Kwa nini hukulalamika tu?"

"Nimelalamika miaka mitatu kwamba daftari ni la mama! Kwa meneja, kwa chama cha wafanyakazi, kwa yeye mwenyewe. Akanicheka. Akasema, 'Binti, thibitisha.' Haya, nimethibitisha. Mama alinifundisha zile nukta nikiwa na miaka saba, akinigongea mgongoni nipate usingizi. Nukta ni pigo la kidole. Yule bwana kapiga ngoma za mama kwa rungu miaka yote, na leo kakiri hadharani hazijui."

"Ungeweza kunyamaza, nisikupate."

"Ningenyamaza, ngoma za mama zingekuwa zake ifikapo Ijumaa."

Mkuu wa Bendi aliingia akihema.

"Mfunge! Na daftari langu nipe, Ijumaa nina safari!"

"Hili ni kielelezo," Inspekta alisema, akilitoa daftari kwenye droo na kulifunua. "Haliendi popote mpaka kesi iishe."

Alitoa fomu. Kalamu yake ilisimama kwenye nafasi ya mwenye mali.

"Andika jina langu!" Mkuu wa Bendi alisema.

"Msomee Afande mstari mmoja, mzee wangu," Karani alisema. "Pamoja na madoa yake."

Mkuu wa Bendi aliutazama ukurasa. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

"Hiyo nafasi iache wazi, Afande," Karani alisema. " Hakimu ataniuliza daftari ni la nani, na mimi nitampigia yote sitini juu ya meza yake."

Akavua koti la stoo, akalikunja vizuri, akatangulia mbele ya Inspekta kuelekea kwenye gari la polisi.