Dirisha la Kuchorwa

Jioni ile nilikwenda kupiga kengele ya sala kwa sababu mume wangu Korbinian, mpiga kengele wa kijiji, alikuwa kitandani hajitambui, kifua kikikoroma. Mama yake, Kreszenz, alinifuata na taa, akinisimanga njia nzima kwamba mikono yangu ni ya kukandia unga tu, kamba itanishinda.

Kanisa letu lilijengwa baada ya tauni, na waliosalia walitaka fahari kubwa kuliko mfuko wao. Nguzo za marumaru ni mbao zilizopakwa rangi. Kuba ni picha juu ya dari bapa. Kule roshani ya kinanda, kamba ya kengele inakoshukia, kusini kuna dirisha. Kaskazini mnara umeziba, basi mafundi wakachora dirisha ukutani ili pande zilingane. Marehemu baba mkwe alikuwa akisema hata malaika hudanganyika, hujigonga vichwa.

Nilivuta kamba. Kengele ikalia.

Kisha... upepo. Unanuka theluji, unatoka ukutani.

Dirisha la kuchorwa lilikuwa wazi.

Kwetu mtu akikata roho tunafungua dirisha apite. Nikajua ni nani anayefunguliwa.

“Bado,” Kreszenz akanong'ona. “Sina mwingine.”

“Mama, usiguse.”

“Wewe utaolewa tena. Mimi nitazaa tena?”

Akalisukuma kwa viganja viwili, likafungika.

Kitu kikagonga kioo. Polepole, kama mgeni mwenye adabu.

Hakikugonga kutoka nje. Kiligonga kutoka upande wetu.

Nilipolipapasa dirisha, lilikuwa tena rangi na chokaa tu.

Nyumbani tulimkuta Korbinian amesimama jikoni, anakunywa supu kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota. Kreszenz akacheka, akamtania kwamba aliugua ili akwepe ngazi za mnara. Korbinian hakucheka. Midomo yake haikuungua.

Tangu siku hiyo hajahisi moto wala baridi. Kreszenz alipofariki tulimfungulia dirisha, akaenda zake. Korbinian alibaki pale dirishani hadi nywele zikashika barafu. Mimi nimezeeka, yeye hana kunyanzi hata moja. Kila jioni, akishapiga kengele, namsikia akigonga ule ukuta.

Sasa kifua changu nacho kimeanza kukoroma. Leo, kabla giza halijaingia, amefungua dirisha la chumba chetu, kisha akaja kuketi kando yangu.

“Afra,” ameninong'oneza, “ukitoka, usiende haraka. Nishike mkono, tutoke pamoja.”

Nimemshika.

Mkono wake ni baridi kama chokaa. Nao haulegei.